Wawili Waliopoteana Gulioni

Harufu ya maharage mabichi yanapomenywa haifanani na nyingine yoyote. Ina ubichi wa majani yaliyonyeshewa, na kwa ndani kabisa kuna kitu kama maziwa. Juzi nilikuwa napita sokoni, huku mjini ninakoishi, mama mmoja amekaa juu ya debe anamenya maharage na kuyatupia kwenye beseni, na harufu ile ikanipata sijajiandaa. Nikasimama. Nikamwambia nataka kununua, ingawa sikuwa na haja ya maharage, ili nipate sababu ya kubaki pale kidogo. Aliponiuliza nataka kiasi gani, sikuweza kumjibu mara moja, kwa maana nilikuwa nimeshafika Ntobeye, kule Ngara, kwenye baraza la bibi yangu, na shangazi yangu Dafroza alikuwa ananipa fumbo.

Nililelewa na bibi, mama yake baba. Wazazi wangu walikuwa na watoto wengi, na bibi alihitaji mtu wa kumchotea maji, basi nikapelekwa kwake ningali mdogo, nikakulia huko. Nyumbani tulikuwa wanawake watupu: bibi, mimi, na Shangazi Dafroza, kitindamimba wa bibi, ambaye alikuwa bado hajaolewa. Shangazi alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kunyamaza huku anatabasamu, kama mtu anayesikiliza ngoma inayopigwa kilima cha pili. Alikuwa amesoma Rulenge, misheni, hadi masomo yalipoishia, kisha akarudi kulima. Asubuhi ukungu ulipokuwa bado umelala bondeni na migomba inaonekana vichwa tu, tulikaa barazani tukimenya maharage, na hapo ndipo mafumbo yalipoanza.

Hayakuwa vitendawili. Kitendawili unakijua au hukijui, na usipokijua unatoa mji. Mafumbo ya shangazi yalikuwa na watu ndani yake, na watu hao walikuwa matatani, na kila mmoja alipaswa kuamua. Kulikuwa na mtu aliyesimama ukingoni mwa mto Ruvuvu akiwa na fisi, mbuzi na mzigo wa majani ya viazi, na mtumbwi wake hauwezi kubeba vyote. Kulikuwa na ndugu wawili waliogombania kiazi kimoja: akate nani? Hilo nililijua mapema, kwa sababu alilitumia kwangu na binamu yangu alipokuja kututembelea. Mmoja akate, mwenzake awe wa kwanza kuchagua. Sijapata kuona mtoto akikata kiazi kwa makini kama nilivyokata mimi siku ile, ulimi nje, macho karibu yaguse kisu.

Fumbo la wavu alianza kulisema baada ya serikali kutuhamishia kijiji kipya. Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka misimu ile, malori na nguzo zilizochomekwa kandokando ya barabara mahali ambapo nyumba zingesimama. Shangazi alisema: wawindaji wameuzunguka msitu kwa nyavu, na ndani kuna nyati. Kila mtu akishikilia upande wake, nyati atapatikana na wote watakula. Lakini mmoja wao anaona sungura anapita mbele yake. Akiachia wavu, sungura ni wake, na nyati atapitia kwenye pengo. Afanye nini? Nilijibu haraka kwamba ashikilie wavu. Shangazi akasema, sawa, lakini je, akifikiri kwamba jirani yake naye ameona sungura? Nikaacha kumenya. Akaniambia hapo ndipo fumbo linapoanzia.

Bibi, aliyekuwa anatusikiliza akijifanya hasikii, alisema kwa Kihangaza, lugha yetu, kwamba fumbo hilo si la kutungwa. Akatusimulia jinsi wazee wa kitongoji chetu cha zamani walivyokunywa rubisi, pombe ya ndizi, pamoja na kuapa kwamba hakuna atakayeiacha migomba yake. Wakisema hapana wote, lori litageuza. Lori lilipokuja, mzee mmoja akapandisha vyungu vyake kabla halijasimama vizuri, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba watakaotangulia watapewa viwanja vya karibu na maji. Baada yake wote walipanda, mmoja baada ya mwingine, bila kuangaliana. Bibi alikuwa wa mwisho, kwa sababu alirudi kufunga mlango wa nyumba ambayo paa lake lilikuwa limekwisha kuezuliwa. Nilimsikiliza kwa huzuni kubwa, kisha nikamuuliza kama yule mzee alimla sungura peke yake. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Kwa muda mrefu, kila nilipompita mzee yule njiani na kumwamkia shikamoo, nilimtazama mdomo nikitafuta manyoya.

Masanja aliingia nyumbani kwetu wakati wa kiangazi, kijiji kipya kilipoanza kujenga shule na ghala. Alikuwa fundi wa matofali, Msukuma; watu wake walikuwa wamehama na ng'ombe zao kutoka Shinyanga wakaweka makazi porini upande wa Biharamulo. Alikuwa mfupi, mpana, na udongo mwekundu haukutoka kwenye kucha zake hata Jumapili. Alikuja mara ya kwanza kuomba maji ya kunywa. Shangazi alimpa maji pamoja na fumbo la mtumbwi, na Masanja akanywa taratibu kuliko kiu yake, akalifumbua, akarudisha kibuyu na fumbo la kwao.

Tangu siku hiyo maji ya kwetu yakawa matamu kuliko ya mtu yeyote. Yeye hakujua Kihangaza na shangazi hakujua Kisukuma, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, lugha tuliyokuwa tukiisikia shuleni, mnadani na ofisini kwa katibu. Nilikuwa nadhani Kiswahili ni cha kusomea matangazo. Kwao wawili kiligeuka kikawa kitu laini. Bibi alikuwa anakijua kidogo tu, basi walikaa mbele yake mchana kweupe na kuambiana wanayotaka, na yeye akiuliza wanasema nini, shangazi alimjibu kwamba ni hesabu za matofali.

Fumbo walilolipenda kuliko yote, na ambalo hawakuwahi kukubaliana, lilikuwa la mume na mke waliopoteana gulioni. Gulio limefurika, hakuna anayemsikia mwenzake, na kabla ya kutoka nyumbani hawakupanga pa kukutania. Kila mmoja aende wapi? Masanja alisema kila mmoja aende mahali anapopapenda mwenzake. Shangazi alitikisa kichwa. Mke anapenda vitenge, alisema, na mume anapenda majembe. Basi kwa kupendana kwao mume atakwenda kusimama kwenye vitenge na mke kwenye majembe, na jua litawachwea. Masanja alisema basi kila mmoja aende anapopapenda yeye mwenyewe. Shangazi akasema itakuwa yale yale, ila safari hii watakuwa wamekasirika. Walicheka sana. Mimi niliwaza juu ya watu wale wawili hata nikiwa nimelala, niliwaona wamesimama kila mmoja upande wake katika vumbi la dhahabu, na nilitaka kulia.

Kuta za ghala zilikuwa zimefika kwenye linta wakati Masanja alipoaga kwenda kumtazama mama yake kwao. Alisema atarudi kumalizia. Hakuaga kama mtu anayeondoka; aliacha kibao chake cha kufyatulia matofali kwenye baraza letu. Akiwa huko, vita vikatangazwa. Tulisikia kwenye redio ya duka la kijiji, watu wazima wamesimama hawasemezani. Vijana wa mgambo walichukuliwa, na baadaye tukapata habari kwa dereva mmoja kwamba Masanja naye alikwenda, aliondokea huko huko kwao.

Vita, kwa mtoto wa Ngara, vilikuwa ngurumo za malori zilizokuja na kupotea mahali ambapo huoni. Yalipita na taa zimepakwa matope. Tuliambiwa tusiwashe moto nje jioni, na vilima vyote vilivyokuwa na vimulimuli vya mioto ya jikoni vikazimika, hivi kwamba kwa mara ya kwanza nilijua nyota ni nyingi kiasi gani. Nilidhani ni vita vilivyozileta. Nilimwambia shangazi kwamba vikiisha nyota zitarudi kwao. Hakunicheka. Aliniuliza kama nafikiri anakokwenda Masanja zinaonekana hizi hizi.

Kisha vita vikaisha. Ngoma zilipigwa, wanawake wakatandaza khanga barabarani, na wanaume waliotoka vijiji vya jirani wakarudi, wengine wamekonda, wengine wamenenepa. Masanja hakuonekana. Hakuna aliyesema amekufa, na hakuna aliyesema yu hai. Mvua zilikuja tukapanda maharage, maharage yakachanua, na shangazi alikuwa amejizoesha kukaa pembe ile ya baraza ambako barabara inaonekana hadi inapokata kona kwenye mikaratusi. Hakuzungumza juu yake. Mafumbo yakapungua, halafu yakakoma.

Ndipo mgane mmoja wa Bugarama alipoleta posa. Alikuwa mtu mwema, ninamkumbuka vizuri. Alikuwa na baiskeli aliyoifuta kwa kitambaa kabla ya kuiegemeza ukutani mwetu. Bibi alimtaka. Alimwambia shangazi kwamba mwanamke si mnara wa kanisani, hawezi kusimama mahali pamoja miaka yote akitazamwa, na kwamba mgane anataka kupata jibu kabla maharage hayajavunwa. Shangazi akasema amesikia. Kuanzia hapo nilianza kuyachukia maharage kwa jinsi yalivyokuwa yanakua.

Siku moja tulikuwa tunamenya yale ya kwanza kabisa, yaliyowahi, na shangazi alikuwa anatazama barabara badala ya kutazama mikono yake. Nikamwambia nimelipata jibu la wale wawili wa gulioni. Kweli nilikuwa nimelifikiria siku nyingi, kwa sababu nilidhani nikilipata atarudi kucheka. Akageuka. Nikamweleza kwamba wakizunguka wote watapishana, na wakikaa wote hawataonana. Kwa hiyo mmoja akae na mwingine atembee.

"Na watajuaje nani akae," aliniuliza, "kama hawawezi kusemezana?"

Hapo sikuwa nimefika. Nikafikiri huku ganda la haragwe liko mkononi, nikasema lile lililonijia: "Labda kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayetembea. Wewe umekaa, shangazi. Kama naye amekaa?"

Alinitazama muda mrefu. Kisha akarudi kwenye maharage, akayamenya yote, na alipomaliza akaingia ndani kwa bibi. Nilisikia sauti zao zikipanda na kushuka. Bibi hakupiga kelele. Alipotoka aliniambia nioshe miguu vizuri, kwa sababu msichana hawezi kusafiri peke yake kama gunia, na mimi ndiye nitakayefuatana na shangazi yangu kwenda Biharamulo. Akaongeza kwamba kama tutakuta kaburi, tuseme sala na kurudi, na mgane atajibiwa.

Tulipanda lori la kahawa. Nilikuwa sijawahi kufika mbali kuliko Rulenge, na dunia ilinishangaza kwa kutoisha. Vilima vilianza kulegea, migomba ikabaki nyuma, na tukaingia kwenye pori ambalo miti yake ilisimama kimya pande zote mbili, majani yote yana vumbi jekundu, mbung'o wakituuma kupitia nguo. Shangazi alinifunika kwa khanga yake. Chini ya khanga mwanga ulikuwa wa rangi ya chungwa, na kwa kuwa lori lilikuwa linayumba na magunia yananukia, nilihisi kama niko ndani ya fumbo lenyewe, na sisi ndio yule anayetembea.

Biharamulo mjini tuliteremkia kwenye duka la mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani zamani. Dereva alituambia mama huyo anawajua watu wote wa porini kwa sababu hununua samli yao. Tulimwamkia, akatuketisha kwenye mkeka, akatupa chai ya tangawizi, kisha akauliza tunamtafuta nani. Shangazi alisema tunatafuta kwa mama yake Masanja, fundi matofali aliyekwenda vitani. Nadhani alikuwa amejitayarisha kwa jibu moja tu.

"Masanja?" yule mama akasema. "Mbona alirudi zamani, mwanangu. Kabla ya mvua hizi."

Shangazi alishika kikombe kwa mikono miwili. Akauliza kama ameoa. Yule mama akasema hapana, hajaoa, wala haji mjini. Ni mama yake anayeleta samli. Alitaka kuongeza kitu, akamtazama shangazi usoni, akaacha. Alimtuma mjukuu wake atusindikize hadi njia panda. Mimi nilitembea kwa furaha tele, nikirukaruka vijito vya maji ya mvua. Nilikuwa nimelifumbua fumbo. Alikuwa amekaa, kama nilivyosema. Sikuelewa kwa nini shangazi alikuwa anakwenda polepole hivyo, kama mtu mwenye mwiba.

Boma lao lilikuwa limezungushiwa minyaa, na uwanja wake ulikuwa umefagiliwa. Mama mtu mzima alikuwa kivulini anasukasuka maziwa kwenye kibuyu kilichoning'inizwa, kwa mwendo wa kubembeleza mtoto. Na upande wa pili, kwenye kigoda, alikuwepo Masanja, anasokota kamba ya katani. Nilimjua kwa mikono. Alituona. Hakusimama. Alichukua shuka lililokuwa begani, akalitandaza juu ya mapaja yake, na pale shuka lilipoanguka niliona kwamba upande mmoja linafika ardhini tu, hakuna mguu wa kulizuia.

Tuliamkiana. Mama yake alituletea vigoda. Masanja aliuliza hali ya bibi, akauliza kama ghala lilipata paa, na shangazi alimjibu yote kwa sauti ndogo. Maziwa yalikuwa yanapiga ndani ya kibuyu.

"Umefuata nini huku, Dafroza?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza akitazama kamba. "Umeniona. Sasa rudi, lori linageuza kesho."

Shangazi alifungua mdomo. Machozi yalikuwa yamemjaa, hayajaanguka. Mimi niliona wakubwa hawa wamesahau jambo lililo wazi, na kwa kuwa nililitafuta mwenyewe, nilijivunia, nikalisema.

"Si nilikwambia, shangazi? Naye alikuwa amekaa anakungoja. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake."

Kibuyu kilisimama. Mama yake Masanja alikuwa ameshika kamba ya kibuyu mkononi, haisogezi. Masanja aliinua uso akanitazama mimi, si shangazi. Nakumbuka macho yale, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekuwa amenitazama vile kabla ya hapo, kama mtu aliyeangukia kisimani na kuona kamba inashushwa na mkono mdogo sana. Ilichukua muda. Nilidhani anahakikisha jibu langu, kama mwalimu.

"Ni kweli," akasema hatimaye. "Nilikuwa nangoja."

"Basi tungezeeka," shangazi akasema. "Kila mtu barazani kwake."

Hapo ndipo machozi yalipoanguka, na alikuwa anacheka. Masanja naye akaanza kucheka, kwanza kwa mabega. Mama yake akanyanyuka, akamimina maziwa, akampa shangazi wa kwanza. Sikupewa sifa yoyote kwa jibu langu, na jambo hilo liliniudhi hadi nilipolala.

Shangazi alibaki, nami nilirudi Ntobeye na lori lile lile nikiwa na mama yake Masanja, ambaye alikwenda kuzungumza na bibi na wajomba wa shangazi. Mambo ya ng'ombe yalichukua muda, mgane wa Bugarama alipata mke mwingine na nasikia walipendana, na shangazi akawa mtu wa Biharamulo. Masanja hakupanda tena jukwaa la ujenzi, lakini alifyatua matofali amekaa, na nyumba yao ilikuwa nzuri kuliko zote za upande ule. Walizaa. Walibishana kwa mafumbo hadi watoto wao wakawakimbia.

Nilikuwa mtu mzima, nimeanza kazi, nilipokuja kuelewa kwamba Masanja hakuwa anangoja. Lilinijia njiani tu, nikiwa nawaza mengine. Lile fumbo la gulio linachukulia kwamba wote wawili wanatafutana. Masanja alikuwa amekaa ili asionekane. Alikuwa ameamua, peke yake, kwamba shangazi atapata mume mwenye miguu miwili, na alikuwa amebakiza kungoja tu habari kwamba ameolewa.

Likizo iliyofuata nilikwenda kuwaona. Shangazi alikuwa amekwenda kuteka maji. Masanja alikuwa kwenye kigoda chake, mvi zimeanza, udongo bado uko kwenye kucha. Nilimzunguka kwa maneno mengi, kisha nikamuuliza wazi: "Mjomba, siku ile ulisema ulikuwa unamngoja shangazi. Ilikuwa kweli?"

Alisikiliza njiani kwanza kama shangazi anarudi. Tuliweza kumsikia kwa mbali, anaongea na jirani, ndoo ikigonga ndoo.

"Uliposema wewe," akaniambia, "ndipo nilipoanza."

Kisha akanyoosha mkono kuchukua gongo lake la kutembelea, akajiinua, akaenda langoni kumpokea ndoo.